Kikohozi cha Miezi ya Moto: Moshi wa Misitu na Afya Mkoani Katavi

Anayesafiri kutoka Mpanda kuelekea Sitalike mwishoni mwa Agosti hana haja ya kipimo chochote ili kujua kwamba hewa imebadilika. Jua huchomoza jekundu kama kaa la moto na mtu anaweza kulitazama bila kufumba macho. Vilima alivyoviona waziwazi mwezi Mei havionekani tena. Majivu mepesi ya nyasi huangua juu ya nguo zilizoanikwa, na usiku mstari wa moto huonekana ukitambaa mlimani kama taa za mji ambao haupo. Mgeni huuliza kuna nini. Mwenyeji humjibu kwa neno moja: msimu.

Neno hilo ndilo lililonipoteza mimi mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, nikiwa daktari kijana, nilimtibu bibi mmoja aliyekuwa akija kila Septemba na kikohozi kikavu, kifua kinachobana usiku na pumzi fupi. Mwaka wa kwanza nilimpa antibiotiki. Mwaka wa pili nilibadilisha antibiotiki. Mwaka wa tatu nilipima makohozi yake kwa mara nyingine, yakakutwa hayana vimelea vya kifua kikuu, nikampa antibiotiki ya tatu. Alipokuwa akiikunja karatasi ya dawa aliniambia kwa upole, kama mtu asiyetaka kumvunjia mtoto heshima: "Mwanangu, dawa zako ni nzuri, ila huwa zinafanya kazi mvua ikishanyesha."

Alikuwa amenieleza ugonjwa wake pamoja na chanzo chake, nami nikacheka. Makala haya ni jibu ambalo ningepaswa kumpa siku ile. Nayaandika kwa ajili ya wahudumu wa afya wa zahanati na vituo vya mkoa wa Katavi, na pia kwa wagonjwa wao, kwa kuwa katika suala la moshi mgonjwa aghalabu hutangulia kuona kile ambacho daftari halioni.

Tuanze na sababu ya Katavi kuungua. Sehemu kubwa ya mkoa huu, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, imefunikwa na misitu ya miombo na mbuga za nyasi. Hifadhi ya Taifa ya Katavi pekee ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 4,471, na nje yake kuna misitu ya hifadhi, mapori na ardhi za vijiji hadi ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, nyasi hurefuka kupita kimo cha mtu, kisha kiangazi huzikausha kwa miezi sita mfululizo. Radi huwasha moto kwa nadra, tena zaidi mvua zinapokaribia. Moto mwingi huwashwa na mikono ya watu: mkulima anayesafisha shamba, mfugaji anayetaka majani mabichi yachipue, mrina asali aliyeacha mwenge ukivuta moshi chini ya mti, mchoma mkaa, mwindaji, mpita njia aliyetupa kipande cha sigara. Moto huo ukimtoroka aliyeuwasha huitwa moto kichaa, na jina hilo linaufaa.

Katavi haiko peke yake katika jambo hili. Picha za setilaiti zinaonesha kwamba karibu theluthi mbili ya eneo lote linaloungua duniani kila mwaka liko barani Afrika, hasa katika savana na miombo. Hata hivyo, ukisikia habari za moshi wa misitu kwenye redio, utasikia California na Australia. Moto wao huteketeza nyumba kwa siku chache na kuwa habari. Wetu huteketeza nyasi kwa miezi mitano na kuwa msimu.

Moshi wenyewe ni kitu gani? Kuni au nyasi zingeungua kikamilifu, zingebaki hewa ya ukaa, mvuke wa maji na majivu kidogo. Lakini moto wa porini hauungui kikamilifu, hasa unapofukuta kwenye magogo, kwenye mizizi na kwenye majani yenye unyevu. Hapo hutoka mchanganyiko wa mamia ya kemikali: kaboni monoksaidi, gesi kali kama formaldehaidi na akrolini zinazochoma macho na koo, kemikali za jamii ya benzini ambazo baadhi husababisha saratani, na zaidi ya yote chembechembe ndogo mno za masizi na mafuta ya miti. Zile zinazotutia hofu zaidi ni zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5. Unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuliko chembe hiyo kwa takriban mara 30. Jicho haliioni moja moja. Linaona tu ukungu ziwapo kwa mabilioni.

Ukubwa huo ndio siri ya madhara yake. Vumbi la barabarani ni kubwa. Hunaswa na vinyweleo vya pua na ute wa koo, tukalipiga chafya au kulikohoa. Chembe ndogo za moshi hupita vizuizi vyote hadi kwenye vifuko vya hewa, mahali ambapo ukuta unaotenganisha hewa na damu ni mwembamba kupita kiasi. Huko hukutana na seli za ulinzi ambazo kazi yake ni kumeza uchafu. Seli hizo humeza, hushindwa kumeng'enya, kisha hutoa kemikali za kuita msaada, na wito huo ndio mwanzo wa uvimbe. Njia za hewa hujikunja na kujaza ute. Vijinywele vinavyosukuma ute kwenda juu hulemaa. Vimelea ambavyo siku nyingine vingefagiliwa nje hupata makazi, na ndiyo maana moshi na nimonia huandamana badala ya kupingana.

Madhara hayaishii kifuani. Uvimbe ulioanzia mapafuni huingia katika mzunguko wa damu, damu hupata wepesi wa kuganda, mishipa hukaza, na mapigo ya moyo huweza kuvurugika. Mzee mwenye shinikizo la juu la damu anayepata kiharusi wiki ya pili ya Septemba hatafikiriwa kabisa kuwa mgonjwa wa moshi, wala hakuna kipimo kitakachothibitisha hivyo kwa mgonjwa mmoja mmoja. Uhusiano huo huonekana tu pale maelfu ya wagonjwa wanapohesabiwa pamoja.

Na wamehesabiwa, ingawa kwingineko. Mwaka 2021 kundi la watafiti lilichapisha uchambuzi wa vifo zaidi ya milioni 65 katika miji 749 ya nchi 43. Waligundua kwamba kila chembechembe zitokanazo na moto wa misitu zinapoongezeka kwa maikrogramu 10 katika kila mita ya ujazo ya hewa, vifo katika siku chache zinazofuata huongezeka kwa takriban asilimia 2. Asilimia 2 ni ndogo kwa mtu mmoja, ila si ndogo kwa mkoa mzima ambao hali hiyo hudumu humo wiki baada ya wiki. Kwa kulinganisha, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka wastani wa saa 24 usizidi maikrogramu 15, na wastani wa mwaka usizidi 5.

Habari za watoto ni nzito zaidi. Moto mkubwa wa Indonesia wa mwaka 1997 ulipochunguzwa baadaye kwa kutumia takwimu za sensa, ilionekana kwamba zaidi ya watoto 15,000 waliotarajiwa kuwapo hawakuwapo: wengine walifia tumboni, wengine wakafa wakiwa wachanga. Moshi ambao mama aliuvuta akiwa mjamzito ndio ulioonekana kuwa na uzito mkubwa kuliko ule ambao mtoto aliuvuta mwenyewe baada ya kuzaliwa. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2021, uliotumia takwimu za familia kutoka nchi 55 za kipato cha chini na cha kati, ulikuta kwamba kila ongezeko la maikrogramu 1 tu ya chembechembe za moto lilihusiana na ongezeko la takriban asilimia 2 la hatari ya kifo kwa mtoto wa chini ya miaka mitano. Namwomba mkunga anayesoma hapa airudie sentensi hiyo, kisha akumbuke ni wajawazito wangapi wanaohudhuria kliniki yake mwezi wa tisa.

Msomaji makini atauliza: na sisi? Katika ile miji 749 Afrika iliwakilishwa kwa uchache mno, ilhali ndiyo inayoungua zaidi. Hapa ndipo kuna kazi ya tasnifu ya uzamivu, na ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa na wanafunzi wanaonijia na wazo hilo wakiwa na shauku kubwa. Nitaeleza ugumu huo kwa urefu kidogo, kwa sababu mhudumu wa zahanati akiuelewa atagundua kwamba yeye ndiye nguzo ya utafiti wenyewe.

Ugumu wa kwanza ni kupima moshi. Setilaiti za Terra na Aqua, zilizorushwa mwaka 1999 na 2002, zimetupatia kumbukumbu ya maeneo yaliyoungua kwa zaidi ya miaka 20. Lakini ramani zake za maeneo yaliyoungua huigawa ardhi katika vipande vya mita 500 kwa 500. Shamba la robo ekari lililochomwa nyuma ya nyumba halimo. Tena setilaiti hutazama kutoka juu, ikaona moshi wote uliotanda angani, haioni ule unaoingia puani. Vipimo vidogo vya bei nafuu vinaweza kufungwa ukutani mwa zahanati na kuendeshwa kwa umeme wa jua, ila hudanganywa na unyevu wa hewa na huhitaji kusahihishwa kwa kuwekwa kando ya chombo cha uhakika. Pepo za kusi nazo haziheshimu mipaka ya wilaya: moto unaowaka leo upande wa Rukwa unaweza kuwa moshi wa Mpanda kesho, na wa Mpanda ukawa wa Karema, au ukavuka ziwa hadi Kongo.

Ugumu wa pili ni kuutenga moshi wa porini na moshi mwingine. Mama yule yule anayevuta moshi wa msituni saa za alfajiri huinama kwenye mafiga asubuhi, mchana na jioni. Mume wake huenda analima tumbaku na kuikausha kwenye bani kwa kuni, au anaponda mawe ya dhahabu na kuvuta vumbi lenye silika ambalo huharibu mapafu kwa njia yake lenyewe. Utawezaje kusema ni moshi upi uliomwangusha? Kuna mbinu moja nzuri ambayo naipenda kwa sababu inafanana na busara ya kawaida: mgonjwa hulinganishwa na nafsi yake mwenyewe. Iwapo alizidiwa siku ya Jumanne, hewa ya Jumanne ile hulinganishwa na hewa ya Jumanne nyingine za mwezi uleule ambazo hakuzidiwa. Jiko lake, umri wake, kazi yake na sigara zake hazikubadilika ndani ya mwezi huo, kwa hiyo hujifuta zenyewe katika hesabu. Kinachobaki ni kile kilichobadilika, nacho ni hewa.

Lakini mbinu hiyo hudai kitu kimoja: tarehe. Moshi hufanya kazi ndani ya siku chache. Taarifa ya MTUHA ikishajumlishwa kuwa ya mwezi, siku zote thelathini huwa zimechanganywa katika chungu kimoja. Ukweli wa kila siku umo katika kitabu namba 5 tu, kile daftari cha wagonjwa wa nje kinachokaa mezani kwa mganga, ambacho mara nyingi huishia kwenye sanduku lililotafunwa na mchwa. Nimewahi kupekua vitabu vya namna hiyo. Nilichokikuta chini ya safu ya utambuzi wa ugonjwa ni "nimonia", "kikohozi", "maambukizi ya njia ya juu ya hewa", "pumu" kwa nadra. Sijawahi kukuta mahali panapouliza kama siku ile kulikuwa na moshi. Na aliyefia nyumbani hamo kabisa.

Sasa tuingie chumba cha mganga, kwani mgonjwa hawezi kungoja tasnifu ikamilike.

Mtoto wa chini ya miaka mitano anayeletwa na kikohozi katika miezi hii ahesabiwe pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, ni pumzi za haraka. Hayo kila mhudumu ameyakariri. Kinachosahaulika ni hatua inayotangulia hitimisho. Kama kifua kinatoa mluzi, mtoto apewe kwanza dawa ya kutanua njia za hewa, hadi mara tatu kwa kupishana dakika 15 hadi 20, kisha ahesabiwe upya. Wengi watakaokuwa wametulia hawana nimonia. Wana njia za hewa zilizojikunja. Kuwaandikia antibiotiki ni kurudia kosa langu kwa yule bibi. Kinyume chake, mtoto ambaye kifua kinabonyea ndani akiwa ametulia, asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, anayepata degedege au aliyelegea, hapewi mjadala wa moshi. Huyo hupewa tiba ya awali na rufaa bila kuchelewa.

Salbutamoli ya kuvuta hufanya kazi vizuri ikipitia chombo cha kati, ambacho zahanati nyingi hazina. Chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita inatosha. Toboa tundu kitakoni linaloubana mdomo wa kifaa cha dawa, mtoto apumulie kwenye shingo ya chupa. Jaribio lililofanywa Cape Town na kuchapishwa mwaka 1999 lilionesha kwamba chupa hiyo, ikizibwa vizuri kuzunguka kifaa, haishindwi na chombo cha dukani. Huenda hii ndiyo sentensi yenye faida kubwa kuliko zote katika makala haya, na haina uhusiano wowote na setilaiti.

Kwa mtu mzima, kikohozi cha wiki mbili au zaidi ni lazima kipimwe kifua kikuu hata kama pori zima linawaka. Moshi usiwe kisingizio cha kuacha kupima makohozi. Ila kipimo kikiwa safi, tusifunge daftari. Tumuulize: kikohozi hiki huja mwezi gani? Huondoka lini? Kuna mluzi usiku? Uliwahi kuambiwa una pumu? Unafanya kazi mgodini? Maswali hayo ni ya dakika mbili. Mwenye pumu asiachwe na salbutamoli peke yake; tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu umeacha kushauri hivyo kwa watu wazima na vijana, kwa sababu dawa hiyo hutanua njia za hewa bila kutuliza uvimbe. Anahitaji stiroidi ya kuvuta, na anaihitaji Julai, kabla ya moto mkubwa, si Oktoba akiwa amekwisha kubanwa. Akina mama na wazee wenye shinikizo la damu nao wahakikishiwe dawa za kutosha kabla ya miezi hiyo.

Kundi moja huponyoka kila mara: vijana waliokwenda kuzima moto. Huja jioni na kichwa kinachopasuka, kichefuchefu, pengine na maneno yasiyoshikana. Kaboni monoksaidi hujishika kwenye himoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kipima oksijeni cha kidoleni hakiwezi kutofautisha himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba sumu hiyo, hivyo kitaandika 98 huku mgonjwa anakosa hewa. Usikiamini. Sikiliza habari ya mgonjwa, mpe oksijeni nyingi kwa barakoa, fikiria rufaa. Akiachwa kwenye hewa ya kawaida, nusu ya gesi hiyo humtoka kwa muda wa saa nne hadi tano. Kwa oksijeni kamili, kwa takriban saa moja na nusu.

Na nyumbani? Ushauri uandikwao Marekani ni kwamba mtu ajifungie ndani na kuwasha mashine ya kuchuja hewa. Nyumba ya Katavi yenye upenyo kati ya ukuta na paa haijifungi, na mwenye kujifungia humo pamoja na jiko la kuni huvuta moshi mara mbili. Yanayowezekana ni mengine. Siku ambayo moshi wa porini ni mzito, kupika kuhamie mahali penye hewa, kuni ziwe kavu kabisa, mtoto asibebwe mgongoni jikoni. Moshi hukaa chini usiku na alfajiri, kwa kuwa hewa baridi huukandamiza mabondeni. Jua likipanda huinuka. Mwenye pumu asichote maji wala kulima alfajiri ya siku kama hiyo ikiwa anaweza kungoja saa nne. Watoto wa shule wasikimbizwe mchakamchaka katika ukungu ambao si ukungu. Kitambaa kilicholowa huzuia majivu na kutuliza koo, lakini chembe ndogo na gesi hupita. Barakoa ya kitambaa ni vivyo hivyo. Ile ngumu iitwayo N95, ikikaa vema usoni, huzuia chembe, si gesi. Maziwa ambayo wengi hunywa "kusafisha kifua" ni chakula kizuri, lakini huenda tumboni, na moshi uko mapafuni.

Limebaki jambo ambalo wahudumu wa afya tumewaachia watu wa misitu, nami nadhani tumekosea. Nalo ni tarehe ya kuchoma. Majaribio yaliyoanzishwa Ndola, katika Zambia ya leo, mwaka 1933 yalionesha kwamba miombo ikichomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi hugeuka polepole kuwa nyasi tupu, ilhali ikichomwa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, miti husalia. Kutokana na mafunzo ya namna hiyo, uchomaji wa mapema wa Mei na Juni umekuwa kinga ya misitu: moto mdogo, wenye mabaka mabaka, unaoacha ardhi isiyo na cha kuungua pale moto kichaa wa Septemba utakapokuja.

Kwa mapafu hesabu si nyepesi hivyo. Nyasi zenye unyevu hufukuta, na vipimo vilivyochukuliwa Zambia katika mbuga na miombo inayofanana na yetu vimeonesha kwamba kilo moja ya nyasi mbichi hutoa moshi mchafu kuliko kilo moja ya nyasi kavu. Kwa upande mwingine, moto wa mapema huunguza kilo chache zaidi kwa kila ekari, na huzuia ule mkubwa. Kwa maoni yangu uchomaji wa mapema bado ndio unaofaa, kwa masharti ambayo watu wa afya ndio wanaopaswa kuyadai: uchomwe kwa vipande, mchana hewa ikiwa inapanda, upepo ukielekea mbali na makazi, na zahanati ijulishwe siku mbili kabla. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 tayari inadai kibali kabla ya kuchoma. Kibali hicho kinaweza kuandikwa pia siku, saa na mwelekeo wa upepo. Nimehudhuria mikutano michache ya vijiji kuhusu moto. Alikuwapo mtendaji, alikuwapo mtu wa misitu, walikuwapo wafugaji na warina asali. Sikumwona hata mara moja mtu wa zahanati. Katika Wilaya ya Tanganyika, vijiji vinavyoizunguka milima ya Ntakata hupata fedha za kaboni kwa kutunza misitu yao, na sehemu ya fedha hizo imejenga madarasa na majengo ya afya. Huko, angalau, msitu na zahanati vimekwisha kukutana kwenye kitabu cha hesabu. Havijakutana bado kwenye kitabu namba 5.

Ombi langu kwa kila mganga mfawidhi ni dogo. Chagua kilima, mnara au mti mkubwa unaoonekana kutoka mlangoni mwa zahanati yako siku ya hewa safi, ulio umbali wa kilomita tano hivi. Kila siku saa moja asubuhi na saa tisa alasiri atoke mtu mmoja, atazame, na aandike juu ya ukurasa wa siku hiyo: kinaonekana, hakionekani vizuri, hakionekani. Mgonjwa wa kifua akija, andika herufi M pembezoni mwa jina lake kama ametaja moshi mwenyewe, bila kumdokeza. Hicho si kipimo cha maabara, na mtafiti atakayekuja na vyombo vyake atakisahihisha. Lakini bila hicho hatakuwa na siku za kusahihisha. Kitabu kikijaa, kisitupwe. Kifungwe kwenye mfuko wa plastiki, kiwekwe juu ya kabati mbali na mchwa. Kilima kichaguliwe mwezi Aprili, mvua zikiwa zimeosha hewa, ili wote waliopo zamu waone mahali kilipo.